Pengo la Mshahara Kutoka Unyanyembe hadi Dar es Salaam

Mwanzoni mwa 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akiandikisha watu wa kwenda naye bara kumtafuta David Livingstone. Mapatano ya mishahara aliyaandika katika kitabu cha safari yake. Askari wa kawaida alikubali dola 36 kwa mwaka, yaani dola 3 kwa mwezi. Sidi Mubarak Bombay, ambaye alikwisha kuzunguka bara na Richard Burton na John Speke, aliwekwa kuwa mkuu wa askari kwa dola 80. John Shaw, baharia Mwingereza, akaandikiwa dola 300. Baada ya kuondoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, Shaw alizidiwa na ugonjwa, akarudishwa Kwihara na kufia huko. Bombay alifika Ujiji na akarudi pwani salama. Shaw, mtu wa juu, alilipwa zaidi ya mara nane ya askari, ilhali waliouvusha msafara walikuwa hao wa chini.

Orodha hiyo ilipangwa kisiwani, katika mji wa bandari. Wapagazi wa Kinyamwezi hawamo. Wao walichukuliwa Bagamoyo na kulipwa nguo, kwa hesabu ya doti, kwa safari nzima hadi kwao Unyanyembe, wala si kwa mwezi. Msafara mmoja, tajiri mmoja, lakini aina mbili za wafanyakazi: waliopatikana katika msongamano wa mji, na waliotoka kwenye mashamba yao. Tofauti baina ya makundi haya mawili inatusaidia kulijibu swali ambalo wachumi wa dunia wanahangaika nalo sasa: watu na kazi vikirundikana mjini, pengo la mishahara ndani ya kampuni moja hupanuka au hupungua?

Jibu langu ni kwamba hupanuka, na hupanuka juu na chini kwa pamoja. Lakini wingi wa watu peke yake hautoshi kulieleza. Kinachoamua ni kile alichonacho mfanyakazi wa chini siku anapoikataa kazi.

Tabora ya karne ya 19 inalionyesha hilo wazi. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857. Wapagazi wao wa Kinyamwezi walitua mizigo, wakatawanyika kwenda makwao, na wageni wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kupata watu wa kuendelea nao kuelekea Ziwa Tanganyika. Mvua zilikuwa zinaanza. Msimu wa kulima ukishaingia, Mnyamwezi mwenye shamba hakuwa na haraka ya kubeba pembe za ndovu za mtu mwingine. Tajiri alibaki na njia tatu: kusubiri, kuongeza malipo, au kutafuta watu mbali. Wapagazi walijua uzito wanaoukubali, walidai posho yao, na walipoona mapatano yamevunjwa waliacha mzigo chini na kuondoka. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kwa kina juu ya kazi hiyo, anawaona kuwa wafanyakazi wa ujira hasa, wenye desturi zao za kazi na njia zao za kugoma. Naafikiana naye. Hawa hawakuwa watu wa kusukumwa tu.

Utajiri mkubwa wa njia ile ya misafara ulikuwa katika faida, si katika mishahara: pembe iliyonunuliwa Unyanyembe au Manyema na kuuzwa Unguja, na mikopo ya wafadhili kama Taria Topan, ambaye hata mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip alikopa kwake. Pengo kati ya mfadhili wa Unguja na mpagazi lilikuwa la kutisha. Lakini pengo la ujira ndani ya msafara lilikuwa na kikomo, na kikomo hicho kiliwekwa na shamba lililokuwa jirani.

Ondoa shamba hilo na hesabu inageuka. Mwaka 1898 Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba, na polepole kodi hiyo ikadai fedha taslimu. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kazi ya upagazi ikafa katika njia kuu. Wanyamwezi wengi wakaelekea mashamba ya mkonge ya Tanga na njia ya reli, ambako waliitwa manamba. Huko pia walikuwa na shamba nyuma yao, lakini sasa lilikuwa umbali wa mamia ya maili. Jambo hili mara nyingi husahauliwa. Shamba lililo karibu humpa mfanyakazi nguvu ya kusema hapana. Shamba lililo mbali humsaidia mwajiri, kwa sababu anamlipa mtu mmoja ujira wa kapera, huku mke na watoto wakiendelea kulishwa na jembe la Unyamwezi. Ardhi ile ile iliyompandishia mpagazi bei yake, ilitumika kumshushia manamba mshahara.

Dar es Salaam ilikua kwa namna hiyo. Katika sensa ya 1957 ilikuwa na watu 128,742, na Tabora, mji mkubwa wa bara tangu enzi za misafara, watu 15,361 tu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728 kati ya Watanzania 61,741,120. Zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi na wawili yumo katika mkoa huo mmoja mdogo.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya kampuni iliyoko katikati ya msongamano huo. Mhasibu mwenye cheti cha taaluma anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, amezungukwa na benki, kampuni za simu, mawakala wa forodha, balozi na mashirika ya kimataifa. Anaweza kuacha kazi Ijumaa na kuanza kwingine Jumatatu, bila kuhama nyumba wala kuwahamisha watoto shule. Mwajiri wake analijua hilo, kwa hiyo humwongezea kabla hajaondoka. Mhasibu mwenzake aliyeko Tabora akiacha kazi hulazimika kufunga mizigo ya familia nzima. Mwajiri wake analijua hilo pia.

Shuka hadi getini. Mlinzi, mfagizi, mpishi wa kantini na kibarua wa ghala wanakabiliwa na msongamano huo huo kutoka upande wa pili. Kwa kila mmoja wao wapo wengine wengi Mbagala, Gongo la Mboto na Tandale wanaoweza kuchukua nafasi hiyo kesho. Mwaka 1954 mchumi Arthur Lewis alieleza kwamba wafanyakazi wakiwa tele kuliko kazi, ujira wa chini hukwama karibu na gharama ya kuishi tu, hata kama faida inapanda. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro, waliokuwa wamefanya kazi Nairobi, walieleza kwa nini watu huendelea kumiminika mjini hata kazi zikiwa haba: kijana haangalii mshahara anaoupata leo, anapima uwezekano wa kuupata siku moja. Nadharia hiyo ya Nairobi bado inaieleza stendi ya mabasi ya Magufuli jijini Dar es Salaam kuliko hotuba nyingi za kuwasihi vijana wabaki vijijini.

Hivyo msongamano ule ule humpa wa juu milango mingi, na kumpa wa chini washindani wengi. Hapo katikati huongezeka jambo la tatu. Kampuni za mji mkubwa huwa na madaraja mengi zaidi. Duka la vipuri la Tabora lina mwenye mali, muuzaji na kijana wa kubeba. Kampuni inayoagiza vipuri hivyo, ikiwa Dar es Salaam, ina mkurugenzi mtendaji, wakurugenzi wa idara, mameneja, wasimamizi, maofisa na wasaidizi wao. Uchunguzi wa makampuni ya Ufaransa umeonyesha kuwa yaliyo katika miji minene yana ngazi nyingi za uongozi kuliko yaliyo katika miji midogo, na kila ngazi inayoongezwa humsogeza wa juu mbali na wa chini.

Marekani ndiko vipimo vilikochukuliwa kwa makini zaidi. Nathaniel Baum-Snow na Ronni Pavan walikadiria kwamba angalau asilimia 23 ya ongezeko la tofauti za ujira nchini humo kati ya 1979 na 2007 inaelezwa na tofauti kukua haraka zaidi katika miji mikubwa kuliko midogo. Lakini kuna jambo ambalo mchambuzi mwaminifu hapaswi kuliruka. Utafiti mwingine wa huko, uliofuatilia rekodi za mishahara kuanzia 1978 hadi 2013, uligundua kwamba theluthi mbili za ongezeko zilitokana na tofauti kati ya kampuni na kampuni, na theluthi moja tu ilitokea ndani ya kampuni moja. Ndani ya makampuni makubwa sana, yenye wafanyakazi zaidi ya 10,000, ndiko pengo la ndani lilikokua hasa. Kwa hiyo mji hupanua pengo kwa njia mbili, na ile ya kutenganisha kampuni na kampuni ndiyo kubwa zaidi. Nashikilia kwamba kwetu njia hizo mbili zimeungana, na sababu ni wakala wa kukodisha wafanyakazi.

Ingia benki yoyote katikati ya Dar es Salaam. Mlinzi mlangoni si mfanyakazi wa benki, ameajiriwa na kampuni ya ulinzi. Mfagizi ni wa kampuni ya usafi, na dereva huenda ni wa kampuni ya kukodisha magari. Ukiuliza pengo la mishahara ndani ya benki hiyo likoje, hesabu itaanzia kwa karani, na itaonekana nzuri. Watu wa chini wametolewa kwenye daftari, si kwenye jengo. Nchini Ujerumani uchunguzi wa Deborah Goldschmidt na Johannes Schmieder uligundua kuwa wafanyakazi wa chakula, usafi, ulinzi na usafirishaji waliohamishiwa kwa wakala walipoteza kati ya asilimia 10 na 15 ya ujira wao kwa kazi ile ile. Jambo hili hushamiri mjini, kwa sababu wakala anahitaji majengo mengi yaliyo karibu karibu ili biashara yake ilipe. Tabora ya maduka yaliyotawanyika haina wateja wa kutosha kulisha kampuni kumi za ulinzi. Posta inao.

Njia ya zamani ya misafara ina mfano mwingine wa pengo linalofichwa na daftari, nao ni tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zimeifanya Tabora kuwa mkoa mkuu wa zao hilo nchini. Jani hulimwa, huchumwa na kukaushwa huko, lakini viwanda vikubwa vya kulichakata vimekuwa Morogoro, na sigara hutengenezwa Dar es Salaam. Ukifuata jani hilo kwenye reli, utaona ujira ukipanda kituo baada ya kituo. Mkulima hauzi nguvu zake kwa kampuni. Anauza zao kwa mkataba kupitia chama cha ushirika, hivyo hayumo katika orodha ya mishahara. Kibarua wa msimu aliyemsaidia kuchuma hayumo popote. Orodha ya kampuni huanzia kwa bwana shamba na wapangaji madaraja wa tumbaku, inapita kwa wafanyakazi wa msimu wa Morogoro, na kufikia kilele ofisini. Kila hatua iliyo na malipo manono imesogezwa kuelekea bahari. Miaka mingi watu wa Tabora wamedai kiwanda chao wenyewe, na nadhani wana haki. Kiwanda kingeleta ajira, na pia kingeweka mameneja na vibarua katika mji mmoja, mahali ambapo kibarua bado ana shamba Ipuli au Itaga la kurudia.

Ni kosa hata hivyo kudhani kwamba msongamano daima ni adui wa mtu wa chini. Bandari ya Dar es Salaam ilikusanya makuli mahali pamoja, na makuli wakagoma 1939, 1943 na 1947. Mgomo wa 1947 haukubaki bandarini. Wafanyakazi wa reli waliuchukua, na ukasafiri na reli ya kati kuingia bara. Baada yake makuli wa bandari wakawa miongoni mwa vibarua waliolipwa vizuri zaidi Tanganyika. Watu walewale ambao wingi wao ulikuwa sababu ya kuwalipa kidogo, walipojipanga, wingi huo ukawa silaha yao. Wapagazi waliweza kudai kwa sababu walikuwa na pa kurudi. Makuli waliweza kudai kwa sababu walikuwa pamoja. Mlinzi wa wakala leo hana hili wala lile. Shamba liko mbali au limeuzwa, na wenzake wametawanywa kwenye mageti ya majengo mia, mmoja mmoja, hawajuani.

Nchi hii iliwahi kujaribu kulibana pengo kwa nguvu ya dola. Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, alikata mshahara wake na wa mawaziri kwa asilimia 20 mwaka 1966, na Azimio la Arusha likafuata 1967. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio alieleza kuwa mshahara wa juu kabisa katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ulikuwa mara 50 ya kima cha chini wakati wa uhuru, na kufikia 1976 ulikuwa umeshuka hadi mara 9. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, na hayakujali kama mtu yuko Tabora au Dar es Salaam, kwa sababu daraja la mshahara lilikuwa moja nchi nzima. Udhaifu wake ulikuja miaka ya 1980. Bei zilipanda, mshahara ukabaki nyuma, na wa chini ndiye aliyeumia zaidi ingawa uwiano kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Uwiano haununui unga. Kuanzia mageuzi ya 1986 sekta binafsi ilikua, makao makuu ya kampuni yakajazana Dar es Salaam, na daraja moja la taifa likabaki kwa watumishi wa umma peke yao. Serikali imehamia Dodoma. Makao makuu ya benki na kampuni za simu hayakuifuata.

Sheria ya sasa inalikabili tatizo kwa kutazama sekta, si mahali. Amri ya kima cha chini kwa sekta binafsi hutaja kilimo, viwanda, ulinzi, madini, majumbani na kadhalika, na kiwango cha sekta ni kile kile Tabora na Dar es Salaam. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuwa wastani wa kima hicho unapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Kenya imechagua njia nyingine. Amri yake ya jumla hutenga viwango vya miji mikubwa, vya miji ya kati, na vya maeneo mengine yote. Katika amri ya 2022 kibarua wa kawaida wa Nairobi au Mombasa alipangiwa shilingi za Kenya 15,201.65 kwa mwezi, na wa maeneo mengine 8,109.90.

Kila njia ina mwathirika wake. Ya Kenya humwinua mtu wa chini mjini na kupunguza umbali wake na meneja aliye ghorofa ya juu, lakini huipa kampuni yenye matawi ruhusa ya kisheria ya kumlipa mfanyakazi wa mji mdogo karibu nusu kwa kazi hiyo hiyo. Ya Tanzania inamheshimu mfanyakazi wa Tabora sawa na wa pwani, lakini yule wa pwani anamaliza sehemu kubwa ya fedha hiyo kwenye kodi ya chumba na nauli za daladala. Nikilazimika kuchagua, nachagua kima kimoja cha taifa, pamoja na posho ya nyumba na usafiri iliyowekwa kisheria kwa mfanyakazi wa kima cha chini katika majiji, ilipwe na mwajiri anayefaidika na jengo analolilinda mtu huyo, hata kama amemkodi kwa wakala. Kampuni iliyochagua kukaa mahali penye wateja wengi na wasomi wengi imechagua pia gharama za mahali hapo. Si haki gharama hizo zibebwe na mlinzi peke yake.

Reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma 2024, inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, Isaka na Kigoma. Wengi wanatarajia itasambaza kazi bara. Huenda, lakini reli ya kwanza ilifika Tabora na kuondoka na wapagazi wake. Chombo cha usafiri hupeleka mizigo kule ambako maamuzi ya mishahara yameshafanyika.

Hatua ya kwanza ya kulipunguza pengo haihitaji bajeti. Uingereza tangu 2019 inayalazimisha makampuni yaliyoorodheshwa sokoni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 nchini humo kutangaza uwiano wa mshahara wa mtendaji mkuu na wa wafanyakazi wake. Marekani ilianza mwaka mmoja kabla, na Afrika Kusini ilitunga sheria ya aina hiyo 2024. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, pamoja na Soko la Hisa la Dar es Salaam, waidai hesabu hiyo kutoka kwa kila kampuni iliyoorodheshwa hapa, na ihesabiwe kwa kujumuisha walinzi, wafagizi na madereva wa wakala wanaofanya kazi katika majengo yake, tawi la Tabora pamoja na makao makuu. Vyama vya wafanyakazi vidai hilo kwanza, kabla ya mazungumzo mengine ya kima cha chini kuanza.